Duara la Utosini

Jumapili, mabati ya Kitangiri yanaanza kulia kwa jua.
Mama kwenye kigoda, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kichwa chake kati ya magoti yangu
kama changu kilivyokuwa zamani kati ya yake,
enzi kitana kilipokuwa fimbo
na machozi yakawa ada.

Kachupa, kioo cha rangi ya strungi:
mafuta ya rozimari, elfu nane, kwa Bi Nkwimba wa Mlango Mmoja,
anayepima kwa jicho moja na kuapa kwa yote mawili.
Wiki iliyopita mama aliyapaka matupu, kiganja kizima.
"Dawa haionjwi," alisema,
akalala kichwa kinawaka,
akiniita mchawi kwa jina langu la ubatizo.

Leo napima mwenyewe. Matone matatu
kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi.
La tatu limegoma mdomoni mwa chupa,
linaning'inia, linafikiri.
Tunalingoja wote wawili
kama mgeni anayevua viatu.

Harufu inaingia, inakuta mwenyeji.
Dagaa wa miaka ishirini na sita
wamelala kwenye ngozi hii,
chini ya mba, chini ya sabuni ya mche.
Rozimari na dagaa wanatazamana
kama wake wenza siku ya kwanza.
Hakuna anayeanza kusalimia.

Nagawa nywele kwa mpini wa kitana. Njia, halafu njia.
Sikujua mama ana kovu nyuma ya sikio.
Sikujua mvi zake zimeanzia kushoto.
Ncha za vidole, si kucha,
mviringo mdogo mdogo,
kama mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku
na hataki kuamsha nyumba.

Kisha nafika utosini.
Pale ilipokaa ngata, na juu ya ngata beseni,
na ndani ya beseni Mwaloni nzima ikichuruzika
tangu alfajiri mpaka milangoni kwa watu:
duara. Laini, linang'aa,
pana kuliko kitako cha kikombe.

Nililijua kwa kilemba kilicholifunika.
Sikuwahi kuligusa.
Ada ya kidato cha kwanza imekaa hapa,
na viatu vyeusi, na godoro la bweni,
na cheti changu cha saluni, chenye fremu,
kinachosema kwamba najua nywele.

"Hapo kutaota?" anauliza bila kugeuka.
Kuna mzizi uliolala, kuna mzizi uliokufa,
na kidole hakitofautishi.
Nasema, majani ya kwetu huota pembeni mwa jiwe.
Anacheka mpaka kitana kinaniponyoka.
"Ng'wanone, nimekuuliza nywele, unanijibu mlima."

Duara nalipaka mara mbili.
Mafuta yanateleza, hayana pa kushika.

Jumatatu, wiki ya kumi na moja.
Kujikuna kumekwisha, mba imehama na mizigo yake,
chupa imebaki na kivuli cha mafuta.
Kwa jua la saa moja, ukingoni mwa duara,
naona vinyweleo. Vitano. Labda saba,
vyembamba, vya kijivu,
kama dagaa wachanga walioponyoka wavuni.
Katikati bado jiwe.

Namwonyesha kwa vioo viwili, mbele na nyuma.
Anatazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Hawa waache wakue," anasema,
kisha anasokota kanga kuukuu, ngata ileile ya siku zote,
anaiweka kichwani, anaitoa,
anaiweka tena, imekaa upande kidogo,
kama mtu anayelala ukingoni mwa kitanda
kwa ajili ya mtoto.

Beseni juu. Shingo inakubali.
Anateremka kati ya mawe bila kushika kitu,
na kijia, baada ya yeye kupita,
kinabaki na harufu mbili.